Nyumba za Tezo hazishuki bei kwa pamoja

Ukisikia mtu kituoni akisema "bei za Tezo zimeanguka", muulize kwanza anazungumzia Tezo ipi. Kwenye karatasi za serikali Tezo ni wadi moja, mojawapo ya wadi saba za Kilifi Kaskazini. Kwenye soko la nyumba na viwanja ni sehemu nne zisizofanana, na jambo lile lile linaloangusha bei hapa laweza kupita pale bila kugusa kitu.

Nayaandika haya kwa sababu swali ninaloulizwa sana siku hizi, baada ya swala na hata ndani ya matatu, ni moja: "Ami, niuze sasa ama ningoje?" Wanaouliza si matajiri. Ni mzee anayedaiwa karo, ni mama mwenye mgonjwa, ni kijana aliyejenga vyumba vya kupangisha kwa mkopo wa Sacco. Watu hawa wakiuza vibaya, kinachoondoka ni makao ya familia, na hayarudi. Kwa hivyo tueleze polepole bei inashukaje, na kwa nini haishuki sawasawa.

Kusimama nako ni kushuka

Watu wengi hapa kwetu husema ardhi haishuki bei. Wanasema hivyo kwa sababu hawajaona jirani akitangaza bei ndogo kuliko ya mwaka jana. Ni kweli, muuzaji wa pwani hapendi kupunguza. Anangoja. Lakini kungoja kuna gharama yake.

Tuchukue mfano. Umeweka kiwanja chako cha futi 50 kwa 100 sokoni kwa shilingi 800,000. Hakikununuliwa. Miaka mitano baadaye unapata mtu, naye anakupa zile zile 800,000. Ikiwa bei za unga, saruji na mabati zilikuwa zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, fedha hizo zinanunua vitu ambavyo zamani ungevinunua kwa kama shilingi 598,000. Umepoteza robo ya thamani, na hakuna aliyekwambia bei imeshuka.

Kwa hivyo bei hushuka kwa njia mbili. Kuna kushuka kwa wazi, pale mtu anapokubali pesa chache. Kuna kushuka kwa kimya, pale bei inapolala huku maisha yakipanda. Tezo tunazo zote mbili, kila moja na mtaa wake.

Upande wa chuo na Mtondia

Tuanze karibu na mji. Pwani ilianza kama chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Wanafunzi wakaongezeka, na watu wakaanza kujenga vyumba vya kupangisha, bedsita na vyumba viwili viwili, kuelekea Mtondia. Nyumba za namna hii hazipimwi kwa uzuri wa dari. Zinapimwa kwa kodi.

Hesabu yake ni rahisi. Vyumba kumi vya shilingi 4,500 vinaleta 45,000 kwa mwezi, yaani 540,000 kwa mwaka. Mnunuzi anayetaka kurudisha fedha zake kwa miaka kumi, bila kuhesabu ukarabati, atatoa milioni 5.4. Sasa vyumba vinne vikikaa vitupu, kodi inakuwa 324,000 kwa mwaka, na mnunuzi yule yule atatoa milioni 3.24. Ukuta ni ule ule, bati ni lile lile, lakini asilimia 40 imeondoka.

Tuliliona jambo hili waziwazi mwaka 2020. Mwezi wa Machi vyuo vilifungwa kwa ajili ya korona, na mwezi wa Aprili serikali ikafunga kuingia na kutoka Kaunti ya Kilifi. Wanafunzi walikuwa wameshakwenda kwao. Mwenye vyumba vilivyotegemea wanafunzi peke yao alibaki na funguo. Aliyekuwa na walimu, wauguzi na wafanyakazi wa mjini alibaki na kodi ijapokuwa kidogo.

Sifa ya sehemu hii ni kwamba ikishuka inashuka haraka, na ikipanda inapanda haraka, kwa sababu wapangaji wakirudi hesabu inarudi. Aliyeweza kungoja aliokoka. Aliyekuwa na mkopo hakuwa na nafasi ya kungoja.

Kando ya barabara kuu

Sehemu ya pili ni mbele ya barabara ya Mombasa na Malindi, yenye maduka, gereji na vibanda. Hapa bei hupanda kwa matumaini na kushuka kwa ramani.

Wazee wanakumbuka kivuko cha Kilifi. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, msafiri wa Malindi alilazimika kungoja zamu yake ya kuvuka, na akingoja alikula, alikunywa, alinunua korosho. Daraja lilipofunguliwa gari zikapita juu bila kusimama. Barabara ilikuwa imeboreka kwa nchi nzima, na aliyekuwa na meza pale kivukoni akapoteza wateja. Barabara nzuri haimpandishii bei kila aliye kando yake.

Sasa kuna upanuzi wa barabara kutoka Mombasa kupitia Mtwapa na Kwa Kadzengo hadi Kilifi. Tezo iko mbele ya Kilifi, lakini baadhi ya wauzaji wa upande wetu wameshaweka bei ya barabara ambayo haijawafikia. Tena kuna hifadhi ya barabara. Hiyo ni ardhi ya umma. Jengo lililoingia ndani yake likipigwa alama ya kubomolewa, thamani yake kwa mnunuzi mwenye akili ni sifuri siku hiyo hiyo, hata kama jana lilikuwa na duka linalouza vizuri. Mita chache za nyuma, jirani yake anaweza kuamka akiwa yeye ndiye wa mbele, na bei yake ikapanda. Ukinunua mbele ya barabara, lete soroveya kwanza, dalali baadaye.

Upande wa bahari

Ukielekea baharini unakutana na mnunuzi wa aina nyingine: mtu wa Nairobi, mgeni wa Ulaya, au mtoto wetu aliyeko Ghuba. Huyu hanunui kwa sababu anahitaji mahali pa kulala. Ananunua kwa sababu anapenda, na anayependa akishtuka kidogo anaondoka.

Malindi na Watamu wametufundisha hili. Kwa miaka mingi soko la nyumba za kifahari huko limetegemea Waitaliano. Watalii walipopungua, hasa baada ya nchi za Magharibi kutoa maonyo ya usafiri mwaka 2014, mabango ya kuuza nyumba yalikaa ukutani mpaka jua likayafuta maandishi. Nyumba za wenyeji za mtaa wa nyuma hazikuanguka namna hiyo, kwa sababu mnunuzi wake hakuwa anasoma maonyo ya balozi.

Karibu nasi zaidi kuna Uyombo, wadi ya Matsangoni, mahali palipopendekezwa kujengwa kinu cha nyuklia. Mwaka 2024 wananchi waliandamana kukipinga. Hakuna tofali lililowekwa, na baadaye serikali ikaelekeza macho Siaya. Lakini mnunuzi wa nyumba ya likizo akisikia neno nyuklia, haulizi kinu kiko kilomita ngapi. Anasema "nitarudi mwakani." Shaka peke yake yatosha kulaza bei.

Ndani, upande wa bara

Sehemu ya nne ndiyo kubwa, na ndiyo inayoniuma. Hapa ardhi nyingi ilitoka kwenye mipango ya serikali ya makazi, kama ile ya Tezo-Roka. Watu walipewa mashamba, wakapanda minazi na mikorosho. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipoanguka, mkorosho ukaacha kuwa karo ya shule, na shamba likaanza kukatwa viwanja.

Shida ni karatasi. Shamba la makazi huanza na barua ya kugawiwa. Mwenyewe hulipa mkopo wa Mfuko wa Makazi, mzigo huo ukiondolewa ndipo hupata hati. Akitaka kukata kiwanja, anahitaji ramani ya soroveya na kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Sheria inasema kuuza ardhi ya kilimo bila kibali hicho ni batili, hata kama chifu alishuhudia na watu wote wakatia sahihi. Wengi wetu tumeuza na kununua kwa makubaliano ya karatasi moja tu.

Kwa nini hili linaathiri bei? Kwa sababu benki haishiki karatasi ya makubaliano kama dhamana. Kiwanja chenye hati kinaweza kununuliwa na mwenye fedha mkononi na mwenye mkopo pia. Kiwanja kisicho na hati kinamngoja mwenye fedha mkononi peke yake. Mwaka 2024 Benki Kuu ilipopandisha riba yake hadi asilimia 13, wanunuzi wa mkopo walipungua, na wenye viwanja vya hati wakalalamika. Ndani ya Tezo hakuna aliyehisi tofauti, kwa sababu wanunuzi hao hawakuwahi kufika huko.

Na maji nayo. Maji ya bomba ya Kilifi hutoka Baricho, kwenye mto Sabaki, na umeme ukikatwa Baricho mifereji hukauka huku. Mwenye tangi kubwa na kisima anapangisha bado. Asiye navyo anapunguza kodi ama anahamwa.

Mauzo mamoja huweka bei ya mtaa

Kuna jambo moja linaloeleza kwa nini sehemu ya ndani huumia zaidi. Karibu na chuo viwanja huuzwa mara kwa mara. Mmoja akiuza kwa hasara, mauzo yake yanamezwa na mengine. Ndani, huenda mwaka mzima kikauzwa kiwanja kimoja tu. Sasa huyo mmoja akiwa na mgonjwa hospitalini, akauza cha 500,000 kwa 300,000 ili apate fedha jioni ile, dalali atakayekuja mwezi ujao atamwambia kila mtu: "Bei ya hapa ni laki tatu." Shida ya nyumba moja imekuwa bei ya mtaa mzima.

Wanaojua hesabu hii hungoja Januari, wakati wa karo. Sisemi ni haramu kununua. Ninasema muuzaji naye ajue mwezi gani anauza, na kwa nini simu zinalia mwezi huo.

Hati iko, mwenye jina yuko kaburini

Kuna kushuka kwingine kunakotoka ndani ya nyumba zetu wenyewe. Baba amefariki miaka kumi na tano, hati bado ina jina lake, watoto ni wanane, na mmoja anataka kuuza. Mnunuzi mwangalifu ataondoka. Mnunuzi jasiri atakata bei, kwa sababu ananunua kiwanja pamoja na kesi.

Waislamu tuna njia iliyo wazi. Katiba inampa Kadhi mamlaka ya kuamua mirathi pale pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake, na mafungu yenyewe yamekwisha kupangwa na Mola. Kinachotuchelewesha ni haya na kuogopana. Majirani zetu wasio Waislamu nao wana mahakama zao za kawaida. Kugawa mirathi mapema hakugharimu kama kunavyogharimu kuuza kiwanja chenye mgogoro.

Basi niuze ama ningoje?

Ikiwa una vyumba upande wa chuo na huna deni linalokukaba, ngoja, lakini changanya wapangaji. Ikiwa uko mbele ya barabara, hakikisha mpaka wako kabla ya kutaja bei yoyote. Ikiwa uko upande wa bahari, usiweke karo ya mtoto kwenye ahadi ya mnunuzi wa likizo. Na ikiwa uko ndani, fedha ya kwanza utakayopata, kabla ya kuongeza chumba, ipeleke kwenye hati. Chumba kipya juu ya ardhi isiyo na hati hakimwongezi mnunuzi hata mmoja.

Ikiwa lazima uuze kwa dharura, jaribu kwanza kupangisha shamba kwa misimu miwili, au kukopa kwa chama, au kuuza kipande badala ya chote. Fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi mwenyewe. Sheria inataka ridhaa ya mke au mume kwa nyumba ya ndoa, kwa hivyo mkeo asikie bei kabla ya dalali kuisikia. Na waulize majirani watatu waliuza kwa ngapi na wakiwa na shida gani, kwa sababu ile bei ndogo unayotajiwa huenda ilikuwa bei ya mgonjwa wa mtu.