Kwa nini kilima cha kilomita moja na nusu huwashusha watu kwenye baiskeli?

Fungua ramani kwenye simu yako, tafuta kijiji cha Rosedale Abbey huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Utaona barabara inayotoka kijijini kupanda kuelekea Hutton-le-Hole. Kipande cha mlima ni kama kilomita moja na nusu tu. Unajiambia: hii si kitu, dakika tano niko juu.

Wengi wamesema hivyo, na wengi wamefika juu wakisukuma baiskeli.

Mlima huo unaitwa Chimney Bank. Jina limetokana na bomba refu la moshi la enzi za uchimbaji wa chuma, lililobomolewa mwaka 1972. Sehemu yake kali ina mwinuko wa asilimia 33. Yaani kila mita tatu unazosogea mbele, unapanda mita moja. Hebu fikiria kuendesha baiskeli juu ya paa la mabati.

Kosa la wengi ni hilo: wanapanga safari kwa kilomita. Kwenye vilima vya Yorkshire, kilomita hazikwambii chochote.

Linganisha na Alpe d'Huez, mlima maarufu wa Tour de France. Una karibu kilomita 14, lakini mwinuko wake wa wastani ni asilimia 8 hivi. Barabara yake inazunguka kwa kona 21, na kila kona inakupa nafasi ya kupumua. Barabara nyingi za Yorkshire ni njia za zamani za farasi na wakulima, zilizopanda moja kwa moja kutoka bondeni. Baadaye zikawekwa lami hivyo hivyo.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme wewe na baiskeli mna kilo 80, na miguu yako inatoa wati 200, nguvu ambayo mtu mwenye mazoezi anaweza kuihimili kwa muda. Kwenye mwinuko wa asilimia 5 utakwenda kama kilomita 16 kwa saa. Kwenye asilimia 20 utashuka chini ya kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Hapo baiskeli inaanza kuyumba, na ukisimama kuanza tena ni kazi kwelikweli. Kwa hiyo gia ni muhimu kuliko ubishi: meno 34 mbele na 32 au 34 nyuma. Hakuna aibu.

Ukifika juu, usidhani umemaliza. Huko ni nyanda za wazi zisizo na miti, zilizojaa vichaka vifupi vinavyotoa maua ya zambarau mwezi Agosti. Kwa picha, pazuri sana. Kwa mpanda baiskeli, hakuna pa kujificha upepo. Jasho la kupandia linageuka baridi ndani ya dakika chache, na mtandao wa simu unaweza kukatika. Beba koti jepesi hata kama bondeni kuna jua, na pakua ramani kabla ya kutoka nyumbani.

Hali ya hewa huko imewashinda hata wakubwa. Septemba 2019 mashindano ya dunia yalifanyika Yorkshire. Mvua ilikuwa kubwa mno, waandaaji wakafupisha mbio za wanaume na kuondoa milima miwili, Buttertubs na Grinton Moor. Mdenmark Mads Pedersen ndiye aliyeshinda.

Buttertubs yenyewe, yenye urefu wa mita 526 kutoka usawa wa bahari, ilipitiwa na Tour de France mwaka 2014. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza mbio za baiskeli kwa Mkenya David Kinjah, alipita hapo akiwa bingwa mtetezi.

Kushuka ndiko kwenye hatari zaidi, kwa maoni yangu. Kondoo hawana uzio, wanalala barabarani. Halafu kuna zile reli za chuma zilizolazwa juu ya shimo kukatiza barabara, kuzuia mifugo isivuke. Zipite ukiwa umenyooka. Usikate kona juu yake wala usibane breki, hasa zikiwa na maji: chuma kilicholowa kinateleza kama sabuni. Kwenye mteremko mrefu, usishikilie breki muda wote. Punguza mwendo mapema kabla ya kona, kisha achia.

Sasa utajuaje mapema kwamba barabara ni kali? Tafuta ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza. Barabarani huwa zimechorwa alama kama vishale. Kishale kimoja ni mwinuko wa asilimia 14 hadi 20. Viwili ni zaidi ya 20. Ncha ya kishale inaelekea chini, kwa hiyo ukiona inakuelekea wewe, unapanda.

Kama ni mara yako ya kwanza, chagua njia isiyo na vishale viwili, au igeuze uzunguke upande wa pili. Ila kumbuka, ukiigeuza, ule ukali unaukuta wakati wa kushuka. Kagua breki zako kabla ya kuondoka.