Lete Mpira, Mwanangu

Binti aliyekaa pembeni yangu kwenye benchi hakuwa akitazama mchezo. Alikuwa akitazama mkono mmoja tu. Kila mrushaji alipouachia mpira, yeye alichora kijiti kwenye daftari lililochakaa jalada. Vinne vikitimia, alivikata kwa cha tano, kama muuza maziwa anavyohesabu vikombe vya mkopo.

"Sabini na tatu, mwalimu," alisema bila kuinua kichwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule moja jijini Dar es Salaam, jua limeshaanza kuuma, na timu ya mvulana yule ilikuwa inaongoza kwa pointi moja. Mwalimu akainuka, akatembea taratibu hadi katikati ya uwanja, akanyoosha kiganja.

"Mwalimu, bado nina nguvu."

"Najua. Kiwiko kimeanza kushuka. Lete mpira, mwanangu."

Mvulana, miaka kumi na minne, aliutazama ule mpira kama mtu anayeombwa amkabidhi mtu mwingine mdogo wake. Kisha akautoa. Nimehudhuria mechi nyingi za michezo mingi, na sijui kama nimewahi kuona kitendo cha ukocha kilichonigusa kama kile. Hakukuwa na kelele wala ubao wa kuchora mbinu, mkono tu ulionyooshwa kuomba mpira.

Nina sababu yangu ya kuguswa. Nikiwa sekondari nilirusha mkuki. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mtu mwema, aliyetupenda na kutununulia maji kwa fedha yake, lakini hakuhesabu. Kwenye mashindano ya wilaya nilirusha asubuhi, nikarusha jioni, na kesho yake nikarusha tena kwa sababu mwenzangu aliumwa malaria. Siku ya tatu nilishindwa kuinua kikombe cha chai. Hadi leo kiwiko changu cha kulia hakinyooki kikamilifu, na nikibeba ndoo nabadilisha mkono. Kwa hiyo ninapoandika kuhusu makocha wa besiboli na mikono ya watoto, siandiki nikiwa mtu wa pembeni.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu kwake ni wa kwenye filamu: besiboli inasimama juu ya watu wawili wanaotazamana. Mmoja ana gongo, mwingine ana mpira. Mrushaji husimama umbali wa mita 18 na nusu hivi (watoto wa miaka 12 au chini hurushia mita 14) na hujitahidi kuupitisha mpira mahali ambapo mpigaji hataupata. Aliyewahi kupopoa maembe ameonja nusu ya kazi hiyo. Tofauti ni kwamba embe likianguka unaenda kula, ila mrushaji akifaulu anarudishiwa mpira arushe tena, na tena, mara themanini, mara mia.

Nilimwomba mwalimu yule anionyeshe taratibu. Alirudia mwendo ule kwa vipande, kama anayefundisha ngoma. Mguu unainuka. Nyonga inageuka kumwelekea mpigaji, kifua kinafuata, lakini mkono bado uko nyuma, kiganja kikitazama juu. Hapo alisimama, akanishikisha upande wa ndani wa kiwiko chake. Ulikuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. "Hapa ndipo panapolipa," alisema. Ndani ya hapo kuna kano moja fupi inayofunga mfupa wa juu wa mkono na mmoja wa mifupa miwili ya kigasha. Mkono mzima unapofyatuka kwenda mbele, kano hiyo ndiyo inayouzuia usifunguke upande. Kwa mtu mzima anayerusha kwa nguvu, kila mrusho unaifikisha karibu na kikomo chake, na misuli ya kigasha ndiyo inayoisaidia kubeba. Misuli ikichoka, kano inabaki peke yake. Kwa mtoto kuna hatari nyingine: mahali mfupa unapoongezekea urefu bado ni gegedu, na gegedu inaweza kubanduka kabla hata kano haijakatika.

Mwaka 1974 kukatika kwa kano hiyo kulimaanisha kazi imekwisha. Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers anayetumia mkono wa kushoto, aliumia katikati ya msimu. Tarehe 25 Septemba mwaka huo daktari Frank Jobe alichukua ukano kutoka kigasha chake cha kulia, akautumia kumjengea kano mpya kwenye kiwiko cha kushoto. Hakuna aliyejua kama ungeshika. John alirudi uwanjani mwaka 1976 na akaendelea kurusha hadi 1989, akishinda mechi 164 baada ya upasuaji. Upasuaji wenyewe ukabeba jina lake.

Ukombozi huo uligeuka kuwa mtego. Uchunguzi wa rekodi za bima za Marekani za mwaka 2007 hadi 2011 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliofanyiwa upasuaji huo walikuwa na umri wa miaka 15 hadi 19. Kazi iliyobuniwa kuokoa riziki ya watu wazima ikawa inafanywa kwa wanafunzi. Baya zaidi, wapo wazazi na hata makocha walioanza kuamini kwamba upasuaji humpa kijana mkono bora kuliko aliozaliwa nao. John Smoltz, mrushaji wa kwanza mwenye kovu hilo kuingizwa kwenye Jumba la Magwiji huko Cooperstown, aliitumia sehemu ya hotuba yake ya Julai 2015 kuwasihi wazazi: besiboli si mchezo wa mwaka mzima, waacheni watoto wacheze michezo mingine. Mtu anapewa heshima kubwa kuliko zote maishani mwake, naye anatumia dakika zake kutetea viwiko vya watoto wa wengine. Nampenda kwa hilo.

Kuhesabu mirusho hakukuwa jambo la kawaida. Little League, ligi ya watoto iliyoanzishwa Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, kwa miongo mingi ilihesabu raundi. Raundi inadanganya: moja inaweza kumalizika kwa mirusho sita, nyingine ikala arobaini. Mwaka 2007 ligi hiyo ilihamia kwenye hesabu ya mrusho mmoja mmoja. Mtoto wa miaka 9 au 10 hawezi kuzidisha mirusho 75 kwa siku. Wa 11 na 12, 85. Kuanzia 13 hadi 16, 95. Aliye na miaka 14 au chini akirusha zaidi ya 65, lazima apumzike siku nne. Sheria nzuri, inayosomeka na kila mzazi, na binti mwenye daftari anaisimamia bila shida.

Lakini sheria ya ligi inaishia kwenye uzio wa ligi. Huko Marekani kijana mwenye kipaji anachezea shule siku za wiki, mwishoni mwa wiki anachezea timu ya kulipia inayosafiri mji hadi mji, na likizo anakwenda kwenye maonyesho ambako maskauti wa vyuo wamekaa nyuma ya wavu wakiwa na mashine za kupima kasi. Kila kocha anahesabu ya kwake. Hakuna anayejumlisha. Na mashine ile haipimi uchovu, inapima kasi tu, kwa hiyo kijana anajifunza kwamba kinachotakiwa ni kurusha kwa nguvu zote, kila mara.

Vyuoni hali ni ngumu zaidi kuielezea, kwa sababu huko hata kikomo cha mirusho hakipo. Kocha anaachiwa busara yake. Mei 2009, jijini Austin, Chuo Kikuu cha Texas kilicheza na Boston College mechi iliyokwenda raundi 25 badala ya 9, ndefu kuliko zote katika historia ya besiboli ya vyuo. Texas ilishinda 3 kwa 2. Austin Wood, mrushaji wa akiba wa Texas, aliingia raundi ya saba akarusha raundi 13, mirusho 169, na alikuwa amerusha pia siku iliyotangulia. Watu uwanjani walisimama kumshangilia, na alistahili. Mwezi uliofuata timu ya Detroit Tigers ilimchagua. Hakuwahi kufika ligi kuu. Siwezi kusema ni usiku ule uliofunga njia, kwani wengi huchaguliwa na wachache hufika. Ninachosema ni kwamba kijana wa chuo, mbele ya umati wa nyumbani, hatasema amechoka. Hana sababu ya kulisema. Neno hilo ni la kocha.

Na hakuna mahali neno hilo limekuwa zito kama Japani. Kila Agosti shule za sekondari hukutana katika uwanja wa Koshien, karibu na Osaka, uliojengwa mwaka 1924, na nchi nzima husimama kutazama. Mwaka 1998 Daisuke Matsuzaka wa sekondari ya Yokohama alirusha mirusho 250 katika robo fainali ya raundi 17. Siku moja baadaye aliingia tena mwishoni mwa nusu fainali, na fainalini hakuruhusu hata pigo moja safi. Akawa shujaa wa taifa. Mwaka 2011, akiwa Marekani, alilazwa kwenye meza ya upasuaji wa Tommy John. Kwa Wajapani wengi, mkono wa kijana anayeung'ang'ania mpira ulikuwa picha ya uvumilivu wenyewe.

Ndiyo maana nasimama kwa kocha mmoja, Yohei Kokubo. Mwaka 2019 aliifundisha sekondari ya umma ya Ofunato, mkoani Iwate, pwani iliyosombwa na tsunami ya 2011. Alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Roki Sasaki, aliyempoteza baba yake katika gharika ile, na ambaye Aprili mwaka huo alipimwa akirusha kilomita 163 kwa saa. Ofunato haikuwa imekanyaga Koshien tangu 1984. Julai, katika mchujo wa mkoa, Sasaki alirusha mirusho 194 katika mechi moja. Tarehe 24 akarusha 129 kwenye nusu fainali na kushinda. Fainali ilikuwa kesho yake.

Sasaki hakurusha hata mpira mmoja. Alikaa benchi mechi nzima, kipaji kikubwa kuliko vyote nchini, huku timu yake ikilala 12 kwa 2. Kokubo aliwaambia waandishi kwamba huenda kijana angeweza kurusha, lakini uamuzi ulikuwa wake, na sababu ni kuzuia asiumie. Simu za hasira zikamiminika shuleni. Magwiji wa zamani wakabishana kwenye televisheni. Walikuwepo wachezaji wenzake, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambao ndoto yao ilikufa siku ile na ambao viwiko vyao havikuwa na shida yoyote. Hilo silipuuzi, na sidhani kama Kokubo alilipuuza. Kumlinda mmoja kuliwagharimu wengine, na kuna jioni ambazo kocha hana la kuwaambia wazazi wao.

Mwaka uliofuata shirikisho la besiboli la sekondari la Japani lilianza kutumia kikomo: mirusho 500 kwa wiki. Bado ni mingi mno kwa macho yangu, lakini kabla ya hapo hakikuwepo chochote. Sasaki aliingia Chiba Lotte Marines, na msimu wa kwanza hawakumchezesha hata mechi moja rasmi, walimwacha akue. Tarehe 10 Aprili 2022, akiwa na miaka 20, alirusha mchezo kamili: wapigaji 27 walikuja, 27 wakarudi, hakuna aliyekanyaga kituo cha kwanza. Wiki moja baadaye alikuwa njiani kurudia, raundi nane bila doa, mirusho 102. Kocha wake, Tadahito Iguchi, akamtoa. Lotte ikafungwa 1 kwa 0 katika raundi ya kumi.

Hadithi hii haina mwisho wa kuvutia picha. Mwaka 2025, akiwa Los Angeles Dodgers, bega lilimweka Sasaki nje kwa miezi kadhaa. Kuhesabu hakumfanyi mtu kuwa wa chuma. Kunampa nafasi tu.

Wajapani hao hao ndio walioleta mchezo huu kwetu. Kuanzia 2012, kwa juhudi za watu kama Shinya Tomonari, mapenzi ya besiboli yalianza kupandwa katika shule za Dar es Salaam, na mwaka 2018 uwanja ulizinduliwa katika Sekondari ya Azania ukapewa jina la Koshien. Majirani zetu Uganda walitangulia: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Kiafrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport. Sisi bado tuko mwanzoni, na mwanzoni ndipo pazuri kuanza na daftari, kabla mazoea hayajawa mila. Tumeurithi mchezo pamoja na jina la Koshien. Hatulazimiki kurithi na mirusho 250.

Nirudi kwenye benchi. Mvulana alipofika pembeni, machozi yakiwa karibu, alimwomba mwalimu amweke basi kuwa mdakaji, amalizie mechi. Mwalimu akatikisa kichwa: kwa sheria za Little League aliyerusha mara 41 au zaidi hadaki siku hiyo, kwa sababu mdakaji naye anarudisha mpira kila mrusho. Akamtuma acheze kituo cha kwanza.

Binti alifunga hesabu ya vijiti, akaandika 73 mbele ya jina, kisha akahesabu kwa vidole: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Pembeni akaandika Alhamisi.

Mvulana aliinama juu ya daftari akasoma. "Alhamisi mbali, dada," alisema. Akachukua glavu yake, akakimbia uwanjani.