Uganda: Ugonjwa wa kutikisa kichwa hubadilika kadiri mtoto anavyokua

Ugonjwa wa kutikisa kichwa, uliowapata maelfu ya watoto kaskazini mwa Uganda, hasa katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, hauna sura moja. Dalili zake hubadilika mwaka hadi mwaka, na mwanzo wake ni rahisi kupuuzwa.

Mtoto aliyekuwa mzima, kwa kawaida wa umri wa miaka 5 hadi 15, huanza kupoteza umakini na kuonekana kama anayesinzia. Kisha kichwa huinama na kuinuka mara kwa mara, wakati mwingine anapowekewa chakula au anapohisi baridi. Hicho ni kifafa, si uvivu wala pepo.

Baadaye wengi hupatwa na degedege la mwili mzima. Ukuaji hudumaa, akili huzorota, na hatari ya kuanguka motoni au majini huongezeka. Baadhi hushindwa kabisa kujihudumia.

Dawa za kifafa haziuponyi ugonjwa huu, lakini zikitumiwa kila siku hupunguza mitikisiko, na wapo waliorejea shuleni.

Watafiti wanauhusisha na minyoo ya usubi, inayoenezwa na inzi weusi wa mito yenye maji yaendayo kasi. Tangu ugawaji wa ivermectin na upigaji dawa mitoni uimarishwe mwaka 2012, wagonjwa wapya wamekuwa adimu. Waliougua zamani sasa ni watu wazima, na bado wanahitaji dawa na uangalizi.