Sikio Husikia, Ubongo Hutangulia



Sisi wakazi wa Kiwalani tu majirani wa Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, na yeyote aliyepata kusomesha chuoni huku ajua ya kuwa somo haliishi bila ya ngurumo kupita juu ya mapaa. Leo nataka kukueleza jambo nililofunzwa na ngurumo hiyo, kwani lilinionyesha kosa langu mwenyewe.

Siku moja, baada ya sala ya Alasiri, nalikuwa nikiwatajia watoto methali ili waziandike. Nikasema, "Haba na haba," na mara ndege ikapita. Nikanyamaza. Ilipokwisha kupita nikauliza, "Nimesemaje?" Wakajibu kwa sauti moja, "Haba na haba hujaza kibaba!" Mtoto mmoja tu, mgeni aliyetoka Kigoma karibuni, ambaye kwao huzungumzwa Kiha, akasema, "Maalim, mimi nimesikia haba na haba tu." Nikamkemea kwa kutosikiliza.

Usiku, nilipojinyosha kitandani, ndipo nilipokumbuka ya kuwa maneno "hujaza kibaba" sikuyatamka kabisa. Wale niliowasifu walidai kusikia lisilosemwa, na yule niliyemkemea ndiye peke yake aliyesema kweli.

Je, wenziwe walisema uwongo? La, hasha! Hivyo ndivyo Mwenyezi Mungu alivyouumba ubongo wa mwanadamu. Ubongo haukai ukingoja maneno kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba. Hutangulia mbele, hukisia neno lijalo, kisha hulilinganisha na lile lililofika sikioni.

Mwaka 1970 mtaalamu wa Marekani, Richard Warren, alieleza jaribio lake. Alichukua sentensi iliyonaswa katika mashine, akaondoa sauti moja katikati ya neno, na mahali pake akatia kikohozi. Katika wasikilizaji 20, watu 19 walisema hapana sauti iliyokosekana. Wala hawakuweza kuonyesha sawasawa kikohozi kiliangukia wapi.

Tena mwaka 1980, huko California, Marta Kutas na Steven Hillyard waliwavika watu vyombo vya kupimia umeme wa ubongo, wakawasomesha sentensi neno moja moja. Baadhi ya sentensi zilikwisha kwa neno lisiloingia akilini, mfano wa mtu kuambiwa, "Mama amemimina chai katika msumari." Neno la namna hiyo liliamsha wimbi katika ubongo, likafika kileleni yapata sehemu 400 katika elfu za sekunde, yaani chini ya nusu ya sekunde. Baadaye walionyesha ya kuwa kadiri neno linavyokuwa halikutazamiwa, ndivyo wimbi hilo linavyozidi.

Lugha yetu nayo husaidia kazi hiyo. Mwambie mwanao, "Niletee kile…" Kabla hujamaliza, macho yake yamekwisha kwenda kwenye kikombe, kisu na kiti. Mkeka na jembe hana habari navyo. Huyo "ki" mdogo amefunga milango mingi akaacha michache.

Lakini ubongo haukisii ila kwa akiba ulionayo. Watoto wa hapa wameisikia methali ile mara nyingi kwa bibi zao. Yule mgeni alikuwa hajaisikia hata mara moja. Masikio yake yalikuwa mazima, na akili yake timamu. Alichopungukiwa ni akiba tu.

Na makisio yana hatari yake. Katika Surat Ar-Rahman aya moja imekaririwa mara 31. Mtoto anayehifadhi, asipoangalia, ulimi wake humkimbiza mbele akaruka aya kadhaa, naye adhani yuko sawa. Ndiyo sababu mwalimu humsikiliza neno kwa neno, kwani hapo kukisia hakufai.

Basi, enyi wazazi wenzangu, yatupasa mambo matatu. Kwanza, tuzungumze na watoto wetu, tuwape hadithi, methali na vitendawili, kwani hiyo ndiyo akiba yao. Pili, tusimkemee mtoto aulizaye, "Umesemaje?" Tumrudilie kwa upole, na akiwa hasikii hata penye utulivu, tumpeleke hospitali akapimwe masikio. Tatu, tusimkatize msemaji kwa kudhani tumekwisha kujua mwisho wa maneno yake. Ugomvi mwingi wa majumbani hutokana na maneno tuliyoyakisia, wala hayakusemwa.

Kesho yake nilimwita mtoto yule mbele ya wenziwe, nikamwambia, "Jana wewe ndiwe uliyesikia sawasawa; mimi ndimi niliyekosa. Nisamehe, mwanangu." Akatabasamu. Kisha akauliza, "Maalim, na hicho kibaba ni nini?" Nikatuma kiletwe kibaba cha kupimia mchele, akakishika mkononi, naye akaimaliza methali mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie masikio yenye subira. Amin.