Nani Humiliki Mhusika? Ugawanaji wa Udhibiti katika Michezo ya Uigizaji wa Mezani

Aghalabu mhusika wa kifasihi huchukuliwa kuwa milki ya mtunzi mmoja. Michezo ya uigizaji wa mezani huitia dhana hiyo mashakani. Michezo hii ilipata umaarufu baada ya Gary Gygax na Dave Arneson kuchapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka wa 1974. Wachezaji huketi pamoja na kubuni kisa papo hapo kwa maneno, karatasi na dadu. Mwelekezi husawiri mazingira na wahusika wadogo, ilhali kila mchezaji hudhibiti mhusika wake. Kwa kawaida, mtu hamsemei mhusika wa mwenzake. Hata hivyo, ipo michezo inayokiuka mpaka huo. Makala haya yanafafanua mitatu.

Kwanza ni Ars Magica, mchezo uliobuniwa na Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen mwaka wa 1987. Humu kila mchezaji ana mchawi wake, lakini walinzi na watumishi ni wa kundi zima. Anayemsemea mlinzi leo si lazima amsemee kesho. Ili mlinzi asigeuke mtu mwingine, tabia zake, kama vile ushujaa au utiifu, huandikwa na kupimwa kwa nambari.

Pili ni Wraith: The Oblivion wa mwaka wa 1994, ambamo wahusika ni mizimu. Nafsi ya mzimu hugawanywa: upande wake mwovu huigizwa na mchezaji mwingine. Huyu humshawishi mwenzake kwa kumpa dadu za ziada anapokwama, naye akizipokea, uovu huzidi nguvu.

Tatu ni Everyone Is John. Hapa wachezaji wote ni sauti ndani ya kichwa cha mtu mmoja, John. Kila sauti ina tamaa yake, na udhibiti huwaniwa kwa mnada.

Wanafunzi wa fasihi simulizi hawatauona ugeni mkubwa hapa. Sungura wa ngano hana mtunzi mmoja. Kila fanani humwazima sauti, naye hubaki Sungura kwa kuwa ujanja wake unajulikana na hadhira. Tofauti ni kwamba fanani hampokonyi mwenzake Sungura katikati ya utambaji. Mezani, mchezaji aliyemlea mhusika kwa miaka anaweza kumwona akiuawa kwa uamuzi wa mwingine, na uchungu wake huwa wa kweli. Ndiposa maafikiano huhitajika kabla ya mchezo kuanza: nani aweza kumsemea mhusika, kwa muda gani, na ni maamuzi yapi, hasa ya kifo, yanayosalia mikononi mwa aliyemuumba. Pasipo maafikiano hayo, kugawana hugeuka kunyang'anyana.