Aliyeambiwa ana kisukari avue viatu kwanza

Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas, bingwa wa miguu ya wenye kisukari jijini Dar es Salaam, alichapisha pamoja na wenzake andiko ambalo ukishalisoma halikutoki kichwani. Lilihusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini. Hawakuamka. Sukari iliyokaa juu kwa miaka ilikuwa imeharibu mishipa ya fahamu, na asubuhi ndipo walipokuta kidonda. Wanaolala kwenye vibanda vya maturubai kando ya maduara ya dhahabu ya Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo hawahitaji kusimuliwa habari za panya.

Mtu akiambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana kisukari, maongezi yote huhamia kwenye sahani: ugali upungue, soda iachwe, michembe na matobolwa viliwe kwa kiasi. Ushauri huo ni sahihi. Lakini katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, naamini cha kutazamwa siku hiyohiyo ni nyayo. Mchimbaji hupima jeraha kwa maumivu. Lisilouma, kazi inaendelea. Kipimo hicho kimemlinda tangu utotoni, na ndicho kisukari kinachomnyang'anya. Kokoto iliyoingia kwenye gambuti alfajiri itamsaga unyayo hadi jioni bila yeye kujua, tena ndani ya kiatu chenye unyevu kisichopitisha hewa. Kidonda kisichouma hupata pia maelezo mengine kwa urahisi, kwamba amekanyaga kitu alichotegewa, na safari za kwa mganga humaliza wiki ambazo mguu ulikuwa bado wa kuokolewa.

Watasema: huyu kagundulika jana, miguu yake mizima, ya nini kumtisha? Kugundulika jana si kuugua jana. Kisukari cha aina ya pili hujificha kwa miaka. Utafiti mkubwa ulioanza Uingereza mwaka 1977, ukaandikisha wagonjwa wapya 5,102, ulikuta karibu nusu yao tayari wana dalili za madhara. Kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya watu tisa katika kila mia wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, wakati vijiji vilivyopimwa miaka ya 1980 havikufikisha hata mmoja katika mia. Kwa ongezeko la namna hiyo, na kwa ugonjwa unaojificha hivyo, huenda wengi wanaofika kliniki leo wamekuja na ganzi yao tayari.

Kuipima ganzi hiyo ni kazi ndogo ajabu. Hospitalini hutumiwa uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu kumi. Mgonjwa asipousikia kwenye unyayo, ulinzi umeondoka. Pasipo na uzi, kuna njia iliyobuniwa mjini Ipswich, Uingereza, isiyohitaji kifaa chochote. Mgonjwa analala au anakaa, miguu wazi, macho amefumba. Mwenzake anagusa kwa ncha ya kidole cha shahada ncha ya kidole gumba cha mguu, kisha cha katikati, kisha cha mwisho, kila mguu, sekunde moja au mbili tu. Asibonyeze, asipapase, asirudie. Mgonjwa akisikia anataja kulia au kushoto. Vidole ni sita, na akikosa viwili au zaidi, miguu hiyo iko hatarini. Mke anaweza kuifanya, na mwenzake wa shimoni pia anaweza.

Wengine watauliza kuna faida gani kujua, ikiwa viatu maalumu hakuna na daktari yuko hospitali ya Bugando, Mwanza. Hapa kazi ya Dk. Abbas inajibu vizuri kuliko mimi. Katika mpango wa Hatua kwa Hatua, yeye na wenzake walifundisha madaktari na wauguzi wa mikoani wawiliwawili, kwa hoja kwamba miguu mingi hukatwa kwa sababu kidonda kidogo kilichelewa kuonekana, na kwamba muuguzi anayejua kusafisha kidonda mapema anaokoa mguu kabla daktari wa upasuaji hajaitwa. Nyumbani kinachotakiwa ni kukung'uta gambuti na kupitisha mkono ndani kabla ya kuvaa, kuvaa soksi kavu, kukausha katikati ya vidole, kutazama nyayo kila jioni, na kutoota moto kwa miguu. Kushusha sukari ni lazima, na hakuna anayebisha. Ila matunda yake kwa mishipa huonekana baada ya miaka, na msumari hausubiri.

Lipo jambo la hapahapa ambalo sijaliona likijibiwa. Zebaki, inayoshikwa kwa mikono mitupu kwenye mialo ya kuoshea dhahabu na kuchomwa uani, nayo hushambulia mishipa ya fahamu. Watafiti waliopima wachimbaji wa Rwamgasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta dalili za sumu yake, hasa kwa wachomaji. Basi mchimbaji aliyekosa vidole vitatu kati ya sita, nani atamwambia kama ganzi yake ni ya sukari, ya zebaki, au ya zote mbili? Vidonge vya kliniki haviondoi zebaki. Je, anayemwandikia vidonge hivyo humuuliza kwanza anachoma dhahabu wapi?