Kununua katika Soko la Mutrah: Mwongozo kwa Msafiri wa Karagwe na Kyerwa

Biashara kati ya watu wa Karagwe na Waarabu si jambo geni. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, waliopanda kutoka pwani kupitia Unyanyembe, waliweka kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika. Walileta vitambaa na shanga, wakaondoka na pembe za ndovu. Siku hizi mwenyeji wa Kayanga, Nkwenda au Murongo ndiye anayekwenda Arabuni, kwa kazi, kwa biashara au kuzuru jamaa. Afikapo Maskati, mji mkuu wa Omani, ni nadra aondoke bila kupita katika Soko la Mutrah.

Mlaji anapaswa kujiandaa kabla ya kuingia humo. Fedha aliyonayo mara nyingi ni akiba ya miezi mingi, na sheria za Tanzania za kumlinda mlaji hazivuki bahari. Kosa la saa moja sokoni huweza kushindwa kurekebishwa mara ndege ikiisha kuruka.

Soko lenyewe

Soko la Mutrah liko kando ya bandari ya zamani. Vichochoro vyake ni vyembamba na vimeezekwa juu, hivyo mwanga wa jua huingia kwa shida. Kwa sababu hiyo wenyeji waliliita soko la giza. Maduka hufunguliwa asubuhi, hufungwa wakati wa joto la mchana, kisha hufunguliwa tena kuanzia kama saa 10 alasiri hadi kama saa 4 usiku. Asubuhi ya Ijumaa mengi hufungwa, na katika mwezi wa Ramadhani saa hubadilika.

Vaa mavazi yanayofunika mabega na magoti, na usimpige mtu picha bila ruhusa yake. Anza kwa salamu kabla ya kuuliza bei. Waomani wengi wana asili ya Zanzibar na Bara, na huenda ukajibiwa kwa Kiswahili. Furahia ukarimu huo, lakini usiufanye dhamana ya ubora wa bidhaa.

Soma bei sawasawa

Riyali moja ya Omani ina baisa 1,000, na tangu mwaka 1986 thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani, kiasi cha dola 2.60. Ikiwa dola moja ni shilingi 2,500, riyali moja ni shilingi 6,500. Bei ya riyali 3 husikika ndogo, kumbe ni shilingi 19,500.

Angalia pia namna bei inavyoandikwa. Bei iliyoandikwa 12.500 ni riyali 12 na baisa 500, yaani shilingi 81,250 kwa mfano wetu. Kabla ya safari, andika kwenye karatasi thamani ya riyali 1, 5, 10 na 50 kwa shilingi kulingana na kiwango cha siku hizo, uibebe karatasi hiyo mfukoni.

Kupatana bei

Bei ya kwanza kutajwa, hasa katika maduka ya vitambaa, mapambo na manukato, kwa kawaida huwa mwanzo wa mazungumzo. Mnunuzi aliyezoea magulio yetu, ambako mkungu wa ndizi hupimwa kwa macho, haendi kama mgeni kabisa. Uliza bei ya kitu kilekile katika maduka matatu au manne kabla ya kutaja yako. Usitaje bei usiyokusudia kulipa; muuzaji akiikubali, kuondoka huonekana utovu wa adabu.

Mkulima wa Kagera anayajua madhara ya butura: mwenye shida ya haraka huuza kahawa ikingali mtini, na mnunuzi ndiye hupanga bei. Sokoni mambo ni yaleyale, ila mwenye haraka sasa ni mnunuzi. Anayenunua jioni ya mwisho, saa chache kabla ya ndege, hana nguvu ya kupatana. Tembelea soko siku za mwanzo, ununue baadaye ukiwa na nafasi ya kukataa.

Dhahabu

Bei ya pambo la dhahabu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni uzito ukizidishwa kwa bei ya gramu ya siku hiyo, nayo haipunguziki sana. Ya pili ni ujira wa sonara, na hapo ndipo pa kupatana. Omba utajiwe kila sehemu peke yake.

Karati hueleza kiasi cha dhahabu halisi. Pambo la gramu 10 la karati 22 lina takriban gramu 9.16 za dhahabu. La karati 18 lina gramu 7.5 tu. Tafuta mhuri wa 916, 875 kwa karati 21, au 750. Pambo lipimwe mbele yako, na uulize kama uzito wa mawe umeondolewa.

Ubani, udi na wanja

Ubani wa Dhofari, kusini mwa Omani, una sifa duniani. Ulio mweupe na angavu, wenye rangi ya kijani kwa mbali, huuzwa ghali kuliko wa kahawia wenye vumbi na maganda. Omba kipande kichomwe, unuse moshi wake. Vipande vya udi navyo huweza kulowekwa mafuta ili vionekane bora, hivyo usinunue kwa kutazama tu. Kumbuka pia kwamba shali na mapambo mengi sokoni humo hutoka India au China.

Kuhusu wanja wa manga, uwe mwangalifu zaidi: baadhi una madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Usimpake mtoto mchanga.

Risiti na safari ya kurudi

Dai risiti inayoonyesha jina la duka, tarehe, bidhaa na bei. Kwa dhahabu, ionyeshe pia uzito na karati. Bila hiyo ni vigumu kuthibitisha dai lako. Ukidhulumiwa ukiwa bado Omani, rudi dukani kwanza. Usiposikilizwa, peleka lalamiko kwa mamlaka ya nchi hiyo ya kulinda walaji. Ubalozi wa Tanzania upo Maskati kwa ushauri.

Jambia lisiwekwe katika mzigo wa mkononi. Usinunue kitu chochote chenye pembe ya ndovu au ya kifaru, hata ukiambiwa ni cha kale. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Hamishia vitu vyako katika mfuko mwingine kabla ya kupanda ndege. Ikiwa unaleta bidhaa za kuuza, waeleze maofisa wa forodha ukweli na uwaonyeshe risiti zako.